Pima Kivuli Kabla ya Kununua Chupa: Vitamini D kwa Mjamzito wa Wenje

Kabla hujatoa pesa kununua chupa ya vitamini D, toka nje usimame juani utazame kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko kimo chako, ile mionzi inayoiwezesha ngozi kutengeneza vitamini hiyo inakufikia. Kikiwa kirefu kukupita, unapata zaidi joto na mwanga, na mionzi hiyo kidogo tu. Wenje, kando ya mto Tana, iko karibu sana na ikweta, kwa hivyo mwaka mzima kivuli hufupika kuanzia saa tatu na nusu au saa nne asubuhi mpaka kama saa tisa alasiri. Lile jua la alfajiri tunaloambiwa na wazee tuliote ni zuri kwa kunyoosha miguu, lakini vitamini D yake ni haba.

Kwa nini mjamzito ajali? Mtoto tumboni hana jua lake. Akiba yote ya vitamini D anayozaliwa nayo hutoka kwa mama, kupitia kondo la nyuma. Tena kondo halipitishi tu: lenyewe lina uwezo wa kuigeuza vitamini hiyo iwe katika hali inayofanya kazi mwilini, kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na figo. Vitamini D inasaidia madini ya chokaa yafike kwenye mifupa ya mtoto, na inadhaniwa pia kusaidia kinga ya mama itulie isilipige vita kondo.

Hapo ndipo wauza chupa wanaporukia. Ni kweli watafiti wameona mara nyingi kwamba wajawazito wenye kiwango cha chini hupata zaidi presha ya mimba na huzaa watoto wenye uzito mdogo. Lakini kuona mambo mawili yakiandamana si sawa na kuthibitisha kwamba kidonge kitatibu. Kule Dhaka, Bangladesh, wanawake 1,300 walifuatiliwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wengine wakipewa mpaka yuniti 28,000 kwa wiki. Kiwango cha vitamini katika damu yao kilipanda, lakini watoto hawakukua zaidi kuliko wa wenzao ambao hawakupewa. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kila mjamzito apewe vitamini D. Linasema anayeshukiwa kuwa na upungufu anaweza kupewa yuniti 200 kwa siku.

Basi nani ana upungufu kwetu? Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi maisha ya kale, wakakuta wastani wa nanomoli 115 kwa lita, na hali 50 yahesabiwa kuwa inatosha. Huku Nairobi, kwenye mitaa ya mabanda, watoto wamekutwa na matege kwa kukosa vitamini hiyohiyo, katika nchi yenye jua tele. Tofauti ni paa, kuta na nguo. Mama anayepalilia shamba kando ya mto Tana au anayefuata mbuzi mchana kutwa, mikono wazi, hana haja ya kuhangaika. Anayehitaji kujiangalia ni yule akaaye ndani toka asubuhi hadi magharibi, anayejifunika mwili mzima kila atokapo, au aliyeambiwa apumzike kitandani.

Huyo, dawa yake ni uani. Mnamo saa nne, kabla joto halijawa kali, akae nyuma ya ua wa makuti ambapo hakuna jicho la mtu, mikono wazi hadi juu ya kiwiko, miguu hadi magotini. Ngozi nyeusi huchukua muda mrefu kuliko nyeupe, kwa hivyo kama nusu saa, mara kadhaa kwa wiki, ni makisio ya busara. Apepete mchele au akate mboga papo hapo, kichwa kifunikwe, maji ya kunywa yawe karibu. Akihisi kizunguzungu aingie kivulini. Kukaa nyuma ya dirisha la kioo hakumsaidii, kioo huizuia mionzi hiyo.

Chakula huongeza kidogo: kambare mwenye mafuta, kiini cha yai, dagaa. Maziwa ya ng'ombe hayana vitamini D ya maana, ila chokaa yake ni muhimu, usiyaache.

Sasa niseme ninaloliona zito zaidi. Huku kwetu, adui mkubwa wa kondo ni malaria. Vimelea hung'ang'ania ndani ya kondo, mtoto akakosa chakula, na mama asihisi hata homa. Lala ndani ya neti kila usiku. Nenda kliniki mapema, usingoje tumbo lionekane, na umuulize muuguzi kuhusu dawa ya kuzuia malaria ambayo huanza kutolewa mimba ikipita miezi mitatu. Meza tembe za kuongeza damu kila siku, lakini usizimeze na chai, kwa maana chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Presha ipimwe kila unapokwenda. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, uso ukavimba au ukaumwa chini ya mbavu, usingoje siku ya kliniki: anza safari ya hospitali saa hiyo hiyo. Mvua ikitishia kuikata barabara ya Garsen na Hola, omba tembe za kutosha mapema, na kitabu cha kliniki kitie kwenye mfuko wa plastiki.

Muuguzi au daktari akikuandikia vitamini D, imeze kama alivyoandika. Usijiongezee: ikizidi sana hupandisha chokaa katika damu na kuumiza figo, na kikomo kinachotajwa kwa mjamzito ni yuniti 4,000 kwa siku. Tazama namba kwenye chupa, maana kuna za yuniti 50,000 kwa kidonge kimoja.

Na ikiwa mimba nzima uliipitisha ndani, mwambie muuguzi unapompeleka mtoto chanjo ya wiki 6, kwani maziwa ya mama hubeba vitamini D kidogo mno.