Mshono wa Kwanza, Uzazi wa Pili

Shangazi,

Nina umri wa miaka 27, naishi Muheza, na nina mimba ya miezi saba. Mtoto wangu wa kwanza ana miaka mitatu. Nilijifungua kwa operesheni baada ya kukaa leba usiku kucha. Asubuhi daktari akasema mtoto amechoka, nikapelekwa kupasuliwa. Hakuna aliyenieleza zaidi ya hapo.

Safari hii kila mtu ana lake. Nesi wa kliniki ameniambia nisithubutu kujifungulia zahanati. Dada yangu, ambaye amefanyiwa operesheni mara mbili, anasema nipange tarehe tu, uchungu wa nini? Mama mkwe anataka niende kwake kijijini, kuna bibi mkunga anayemwamini, na nikishajifungua anikande maji ya moto siku arobaini. Anasema mara ya kwanza sikukandwa ndiyo maana tumbo halikurudi. Aliwahi kusema mbele ya mawifi zangu kwamba mimi sijazaa, nilipasuliwa. Nililia sana.

Jambo jingine sijamwambia mtu. Baada ya kujifungua nilikaa kama miezi minne najiona si mimi. Nalia bila sababu, mtoto akilala mimi silali, na siku nyingine sikutaka hata kumgusa. Naogopa hali ile itarudi. Nifanye nini?

Mwenye Mshono, Muheza

Mwanangu,

Nianze na lile neno lililokuliza mbele ya mawifi. Umezaa. Ulibeba mimba miezi tisa, ukashikwa na uchungu usiku kucha, ukapasuliwa tumbo na mji wa mimba, kisha ukaamka na kidonda chako ukanyonyesha. Asiyeuita huo uzazi hajui anachokisema. Nalitanguliza hili kwa sababu wapo wanawake wanaochagua namna ya kujifungua kwa kutaka kufuta aibu kama hiyo. Wanajificha nyumbani na uchungu hadi dakika ya mwisho ili wakifika hospitali wasipasuliwe. Mwenye kovu kwenye mji wa mimba akifanya hivyo anachezea roho mbili.

Sasa, operesheni au njia ya kawaida? Kwa ulivyonieleza, milango yote miwili bado iko wazi. Ile imani kwamba aliyepasuliwa mara moja atapasuliwa daima imepitwa na wakati. Wenye kovu moja wanaojaribu njia ya kawaida hospitalini, 60 hadi 80 katika kila 100 hufanikiwa. Kinachoogopwa ni kovu kuachia katikati ya uchungu, mji wa mimba ukachanika. Kwa mwenye kovu moja la mlalo, upande wa chini wa mji wa mimba, hilo humpata takriban mmoja katika kila 200. Ni nadra, lakini likitokea mtoto anatakiwa kutolewa ndani ya dakika chache na mama anahitaji damu. Kwa hiyo mahali pa kujaribia ni pale tu penye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku na mchana, mtaalamu wa usingizi, na damu kwenye jokofu. Zahanati haina hivyo vyote, na bibi mkunga, hata awe na mikono mizuri vipi, hana. Nesi wako amekuambia kweli.

Ila kuna habari unazozihitaji kabla ya kuchagua, na huna. "Mtoto amechoka" ni maneno ya haraka ya asubuhi ile. Huenda mapigo ya moyo wa mtoto yalishuka. Huenda njia ilikwama kabla haijafunguka yote, au ilifunguka yote mtoto akashindwa kushuka. Kila moja ina maana yake kwako leo. Mapigo kushuka kwa mtoto wa kwanza hakumaanishi yatashuka kwa wa pili. Lakini kama njia ilifunguka yote, ukasukuma, na mtoto akagoma kupita, uwezekano wa kufanikiwa safari hii unapungua, na daktari anatakiwa akuambie hivyo waziwazi. Rudi ulikojifungulia na kadi yako, uombe waangalie faili. Uliza mambo mawili: kwa nini nilipasuliwa, na mji wa mimba ulikatwa vipi? Mshono wa nje usikudanganye, kwani ngozi inaweza kuwa imekatwa kwa mlalo huku mji wa mimba umekatwa wima kwenda juu. Ikiwa ulikatwa wima hivyo, mjadala umekwisha: unapangiwa operesheni kabla uchungu haujaanza.

Kwa upande wako kuna jema moja. Miaka mitatu imepita na kovu limepata muda wa kushikana. Wanaotia wasiwasi zaidi ni wanaojifungua tena kabla mwaka na nusu haujatimia.

Jiulize pia, wewe na baba watoto, mnataka watoto wangapi. Hapa ndipo dada yako hajakuambia yote, labda kwa kuwa naye hajaambiwa. Operesheni ya pili ikipangwa vizuri ni salama, na ina raha yake: unaijua siku, unaingia umetulia. Lakini kila operesheni inaacha kovu jingine, na katika mimba inayofuata, kondo la nyuma linaweza kujishikiza juu ya makovu hayo na kuzama ndani. Kondo la namna hiyo halibanduki mtoto akishatoka. Mama anavuja damu nyingi, na mara nyingi anaokolewa kwa kuondolewa kizazi. Hatari hiyo inapanda kwa kila operesheni. Ukitaka watoto wawili tu, hesabu yako ni tofauti na ya anayetaka watano. Na ukichagua kupanga tarehe, usikubali irudishwe nyuma kwa ajili ya ratiba ya mtu. Wiki ya 39 ndiyo inayofaa, maana mtoto anayetolewa mapema bila sababu ya kitabibu hupata shida ya kupumua mara nyingi zaidi.

Ukitaka mawazo yangu: ikiwa kovu ni la mlalo, na mara ile mtoto hakukwama njiani, ningejaribu njia ya kawaida hospitalini, huku nikiwa nimekubali moyoni kwamba naweza kuishia chumba cha upasuaji. Ukiamua operesheni sitakuwa na neno, kwa kuwa tumbo ni lako.

Jambo moja nakukataza kabisa, hata akikupa mtu unayempenda vipi: dawa ya kuongeza uchungu. Iwe mizizi ya kuchemsha, viwe vidonge vya kuweka chini ya ulimi au ukeni. Uchungu unaokuja kwa nguvu kupita kiasi ndio unaoachanisha kovu. Ukiwa leba, maumivu juu ya mshono yasiyoachia hata uchungu ukipoa, damu kutoka, au uchungu uliokuwa mkali ukakatika ghafla, mwite nesi hapo hapo. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mwanamke awe na mtu aliyemchagua mwenyewe pembeni yake wakati wa kujifungua. Uliza mapema hospitali yako ina utaratibu gani. Pale leba ilipo chumba kimoja cha mapazia, wengi huruhusu mwanamke tu, basi mchukue dada yako.

Usisubiri uchungu uanzie kijijini. Wiki ya 38 uwe umeshahamia karibu na hospitali ya wilaya, au Tanga mjini kama daktari atakuelekeza hospitali ya Bombo. Namba ya dereva iwe kwenye simu yako na ya mumeo, na 115 ya m-mama, ambayo ni bure, kwa usafiri wa dharura. Watafutwe pia ndugu wawili walio tayari kuchangia damu.

Tuje kwa mama mkwe. Usimkatalie yote, mwanangu. Arobaini ni hazina. Mzazi kukaa bila kuchota maji, kupikiwa uji wa pilipili manga na supu, kupokewa mtoto ili aoge kwa nafasi, wangapi mijini wanaililia hiyo? Hata wataalamu wanazihesabu wiki sita za kwanza kuwa ni kipindi cha kumwangalia mama kwa karibu. Tatizo ni ile arobaini inayomfungia mzazi ndani asiende kliniki. Unatakiwa uonekane siku ya pili au ya tatu, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena wiki ya sita. Hizo safari ziwe sehemu ya arobaini yako.

Na kukandwa nakujua. Maji yanachemka na majani ya mwarobaini, beseni linawekwa sakafuni, taulo linachovywa na kukamuliwa huku mkandaji akipuliza vidole. Kisha linabanwa tumboni kwa viganja viwili, mzazi akiuma upindo wa kanga. Tumbo lenye mshono mbichi lisiguswe na taulo lile. Ngozi kuzunguka mshono huwa imekufa ganzi kwa wiki nyingi, kwa hiyo unaungua bila kusikia. Kidonda kikilowa na kukandamizwa kinalainika, kinaingia vijidudu, na mshono unaweza kufumuka. Aidha, maji ya moto siyo yanayorudisha mji wa mimba. Unajikaza wenyewe, na kila mtoto anaponyonya unajikaza zaidi. Ndiyo maana unasikia tumbo likikukata ukiwa unanyonyesha siku za mwanzo. Likibaki limelegea baadaye, mara nyingi ni misuli iliyoachana wakati wa mimba, nayo inahitaji muda na mazoezi ya taratibu.

Mpe mama mkwe mgongo, mabega na miguu akukande, kwa maji ya vuguvugu, na mshono ubaki mkavu. Hata ukijifungua kwa njia ya kawaida, kovu la zamani lisibanwe. Akitaka kukufunga tumbo, kanga laini isiyokubana pumzi haina ubaya, nayo huwasaidia wengine wakinyanyuka kitandani. Lakini mguu mmoja ukivimba na kigimbi kikauma, usikandwe hata kidogo, nenda hospitali, huenda damu imeganda ndani. Damu hiyo huganda kirahisi kwa anayelala tu, kwa hiyo simama na utembee hatua chache tangu siku ya kwanza, hata baada ya operesheni. Kunyonyesha nako kusikutese: mweke mtoto ubavuni, chini ya kwapa, miguu yake ikielekea mgongoni kwako, na mto umkinge asipige mshono.

Mambo ya kwenda nayo hospitali bila kungoja arobaini iishe ni damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, homa, harufu mbaya ukeni au kwenye mshono, na kichwa kuuma sana huku macho yanaona ukungu. Kifafa cha mimba kinaweza kumkuta mzazi hata baada ya kujifungua.

Nimeiacha ile siri yako hadi sasa ili niipe nafasi. Kulia siku za mwanzo, kuanzia ya tatu hivi hadi wiki mbili, ni kawaida, huwapata wanawake wengi. Miezi minne ya kukosa usingizi na kutotaka kumgusa mtoto ni ugonjwa. Ni sonona, na ina tiba. Katika nchi kama zetu inakadiriwa kuwa karibu mwanamke mmoja katika watano aliyetoka kujifungua anapata tatizo la afya ya akili, na sonona ndiyo kubwa zaidi. Hukuwa mama mbaya, hukurogwa. Ulikuwa mgonjwa na hakuna aliyekuuliza.

Aliyeipata mara moja ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuipata tena, ndiyo maana sitaki usubiri. Kliniki ijayo mwambie nesi maneno haya haya: "Baada ya mtoto wa kwanza nililia miezi minne na sikutaka kumgusa mtoto. Naomba iandikwe kwenye kadi." Yapo maswali kumi ya kupima sonona ya uzazi, yanatumika hata kwa Kiswahili, na unaweza kuulizwa ukiwa bado na mimba. Kuna ushauri nasaha, na kuna dawa zinazoweza kutumika huku unanyonyesha. Panga pia usingizi kama unavyopanga nguo za mtoto: nani atambeba usiku, akuletee kunyonyesha tu na kumchukua tena, ulale saa nne mfululizo? Hii kazi mama mkwe anaiweza vizuri kuliko yeyote.

Halafu mwambie baba watoto. Yeye ndiye azungumze na mama yake kuhusu hospitali na taulo, maana ni mama yake, na likitoka kwa mkwe linageuka ugomvi. Mwandikie na dalili za kukuangalia: huli, hulali hata mtoto akilala, unasema watoto wangeishi vizuri bila wewe, unasikia sauti, au unapata mawazo ya kujidhuru wewe au mtoto. Hizo tatu za mwisho ni za kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Mpe ruhusa sasa, ukiwa na akili yako timamu, kwamba siku akiziona akupeleke hata kama utakataa.