KUKU WA DORKING, MWENYE VIDOLE VITANO

Wasomaji wetu wajua ya kuwa kuku wa kawaida ana vidole vinne katika kila mguu, vitatu mbele na kimoja nyuma. Lakini huko Uingereza yuko kuku wa kale mwenye vidole vitano, na jina lake Dorking. Leo twapenda kueleza habari zake, si kwa sababu ya ajabu ya kidole hicho, bali kwa kuwa kuku huyu aliyesifika sana zamani sasa amekuwa haba. Na katika kuadimika kwake mna mafundisho kwa kila mtu afugaye.

ASILI YAKE

Dorking ni mji mdogo katika jimbo la Surrey, kusini ya London, mwendo wa maili ishirini na kitu. Wakulima wa pande zile walikuwa wakipeleka kuku wao katika soko la mji huo, na kuku wakapata jina la soko. Bwana Daniel Defoe, yule aliyetunga hadithi ya Robinson Crusoe, alitembea katika nchi yake, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1724 alilisifu soko la Dorking kwa kuku wake, na hasa kwa mabata bukini wanono na majogoo wakubwa waliohasiwa.

Watu wengi husema kwamba Warumi ndio waliomleta kuku huyu Uingereza. Neno hili lina sababu yake. Columella, Mrumi aliyeandika vitabu vya kilimo katika karne ya kwanza baada ya Kristo, alisema kuwa matetea walio bora ni wale wenye vidole vitano. Akaonya pia kuku weupe wasichaguliwe, kwa maana mwewe huwaona upesi. Na neno hilo kila mfugaji wa kwetu alijua bila kusoma kitabu. Walakini maneno ya Columella si ushahidi kwamba kuku hao walivuka bahari. Julius Caesar, aliyefika Uingereza katika miaka ya 55 na 54 kabla ya Kristo, aliandika kwamba wenyeji walikuwa na kuku tayari, ila kuwala waliona ni mwiko. Basi lililo hakika ni kwamba Dorking ni katika mbegu za kuku zilizo za kale sana katika nchi ile. Mwaka 1845, yalipofanywa maonyesho ya kuku katika bustani ya wanyama ya London, Dorking walikuwamo.

ALAMA ZAKE

Kiwiliwili chake ni kirefu na kipana, mfano wa sanduku. Kidari chake kinene. Miguu yake mifupi na myeupe. Jogoo mkubwa aweza kufika ratli 10 na zaidi, yaani kilo 4 na nusu au kupita. Wako wa rangi ya kijivu cha fedha, wekundu, weusiweusi, weupe, na wenye milia ya kijivu. Kidole cha tano kiko juu ya kile cha nyuma, nacho huelekea juu wala hakigusi ardhi. Ndewe zake ni nyekundu lakini yai lake ni jeupe, hali aghalabu kuku wenye ndewe nyekundu hutaga mayai ya hudhurungi.

Hapa yatupasa kuonya. Mtu asione vidole vitano akadhani amepata Dorking halisi. Kuku wa Houdan na Faverolles, ambao ni wa Ufaransa, wanavyo. Na Silkie wa China vilevile. Tena Bwana William Bateson, mtaalamu wa mambo ya urithi, alipandisha Dorking na kuku wengine, na mwaka 1902 akatoa habari za majaribio yake. Ilionekana ya kuwa kidole hicho ni alama yenye nguvu: ukimpandisha Dorking na kuku wa vidole vinne, vifaranga wengi hutoka na vitano, ingawa si wote. Kwa hiyo chotara aweza kuwa na alama ya baba yake asiwe na nyama yake. Mfugaji mwenye akili hupima mwili kwanza, kisha huhesabu vidole.

NAMNA YA KUMFUGA

Kwanza, apewe mahali pakavu penye majani mafupi, kwa maana miguu yake mifupi humfanya aburure kifua katika tope na umande. Pili, kijiti cha kulalia kiwe chini, kwa kuwa ni mzito, naye akiruka kutoka juu huumia miguu. Tatu, mtetea apendapo kuatamia aachwe aatamie, maana ni mlezi mwema wa vifaranga. Nne, mfugaji awe na saburi. Kuku wa nyama wa siku hizi huchinjwa akiwa na majuma kama sita. Dorking hutaka miezi.

SABABU YA KUADIMIKA KWAKE

Saburi hiyo ndiyo iliyokosekana. Baada ya vita vya 1939 hadi 1945, wafanya biashara walitaka kuku wa kukua upesi. Huko Marekani, mwaka 1948, yalimalizika mashindano makubwa ya kumtafuta "kuku wa kesho". Tangu hapo mabanda makubwa yakajaa machotara wa namna chache, na kuku wa kale wakabaki kwa wapenzi wachache. Mwaka 2007 mji wa Dorking ulisimamishiwa sanamu kubwa ya jogoo. Ni heshima njema, lakini sanamu haitagi mayai.

Hasara yenyewe ni hii. Bwana William Cook alipoitengeneza mbegu ya Orpington wa rangi ya manjano, aliyoitoa mwaka 1894, alitia damu ya Dorking. Mbegu mpya hutoka katika za kale. Ghala ikiisha, hapana cha kupanda. Tena kuku wakibaki wachache, ndugu hupandana na ndugu, na vifaranga hudhoofika. Ndiyo maana wafugaji wa Dorking hubadilishana majogoo, na kuandika katika daftari kila kifaranga ametoka kwa nani.

Twasema haya kwa sababu wengi wetu twaleta majogoo wa kigeni ili kuwaboresha kuku wetu, na jambo hilo si baya. Lakini kabla ya kufanya hivyo, kila mmoja atenge matetea wachache wa mbegu yake ya kale, kama kuchi au kishingo, pamoja na jogoo wao, na kuwaweka mbali. Nao walimu wawafundishe wanafunzi kuandika daftari la uzazi. Wazee walikwisha kusema: usiache mbachao kwa msala upitao.