Presha si ugonjwa wa wazee tu: Mpime na mwanao



Ndugu msomaji, ukitaja neno presha barazani, watu wote humgeukia mzee aliyekaa hapo na fimbo yake. Tumezoea kwamba presha ni maradhi ya watu wazima, wenye miili mikubwa na mawazo mengi ya maisha. Mtoto akisema kichwa kinamuuma, tunampa panadoli. Akirudia kusema tunampima malaria. Akisema mara ya tatu huitwa mvivu anayekwepa madrasa. Ni wachache miongoni mwetu wanaofikiria kumpima presha.

Wiki hii, insha Allah, tutaangalia ugonjwa huu kwa watoto: unaletwa na nini, unajulikanaje, na mzazi afanye nini.

Kisa cha mtoto wa miaka tisa

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa kituoni mtoto wa kiume wa miaka tisa, akiwa amebebwa na baba yake. Kwa siku nne alikuwa akilalamika kichwa. Kila asubuhi alikuwa akiamka na uso umevimba, hasa kwenye macho, na mama yake akadhani ni usingizi. Usiku wa siku ya nne alitapika, akasema haoni vizuri, kisha akaanguka kwa degedege. Majirani walisema ni jini, akasomewa mpaka alfajiri.

Nami nikiri kwamba jambo la kwanza lililonijia akilini lilikuwa malaria iliyopanda kichwani. Tulipima, hakuwa na vijidudu. Ndipo nilipochukua mkanda mdogo wa kupimia presha. Ilikuwa 168 kwa 112.

Nilimuuliza mama kuhusu mkojo wa mtoto. Akajibu kuwa siku hizo umekuwa kama chai ya rangi. Nikamtazama mikono, nikaona baina ya vidole makovu ya upele uliotumbuka na kutoa usaha, kama wiki nne nyuma. Hapo mambo yote yakaungana. Upele ule uliingiwa na bakteria, bakteria wakasababisha figo kuvimba, figo zikashindwa kutoa maji na chumvi mwilini, presha ikapanda hadi kuathiri ubongo.

Tulimpa huduma ya kwanza na kumkimbiza hospitali kubwa. Alhamdulillah, alipona na akarudi madrasa. Lakini lau wangengoja siku moja zaidi, huenda tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Ndugu zangu, Qur'an ni shifaa, na hakuna Muislamu anayekataa kumsomea mgonjwa. Lakini Mtume (S.A.W.) ametuamrisha pia kutafuta dawa, na akatufundisha kuwa Allah hakuteremsha maradhi ila ameteremsha na tiba yake. Basi mtoto asomewe huku yuko njiani kwenda hospitali. Asicheleweshwe nyumbani.

Presha ni nini?

Moyo unaposukuma damu, damu hugandamiza kuta za mishipa. Mgandamizo huo ndio presha, au shinikizo la damu. Namba ya juu ni nguvu wakati moyo unasukuma, na ya chini ni wakati moyo unapumzika baina ya pigo na pigo.

Kwa kijana wa miaka 13 na kuendelea, presha nzuri ni ile iliyo chini ya 120 kwa 80. Ikiwa namba ya juu ni 130 au zaidi, au ya chini ni 80 au zaidi, na ikarudia hivyo, hiyo ni presha ya juu. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 13 hakuna namba moja ya wote. Tabibu huangalia jedwali linalozingatia umri, jinsia na urefu wa mtoto. Kipimo cha 120 kwa 80, ambacho kwa kijana mkubwa kiko mpakani, kwa mtoto wa miaka sita ni kikubwa. Kwa hiyo usijipimie mtoto kwa mashine ya babu na kujitolea hukumu mwenyewe.

Uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa takribani watoto 4 katika kila 100 wana presha ya juu. Katika madrasa yenye wanafunzi mia mbili, hesabu hiyo ni kama watoto wanane, na huenda hakuna hata mmoja wao anayejulikana.

Mambo yanayoleta presha kwa watoto

Mtoto anapokuwa mdogo zaidi, ndivyo uwezekano unavyokuwa mkubwa kwamba presha yake imeletwa na ugonjwa mwingine uliojificha. Kwa vijana wakubwa, mara nyingi hutokana na urithi na namna ya maisha. Tuyataje kwa ufupi.

1. Maradhi ya figo. Haya ndiyo yanayoongoza kwa watoto wadogo. Figo huvimba wiki moja hadi tatu baada ya mafindofindo, au wiki tatu hadi sita baada ya vidonda vya ngozi, bakteria wake wakiwa wa aina fulani. Wengine huzaliwa na kasoro za njia ya mkojo, na wengine hupata maambukizi ya mkojo ya mara kwa mara yanayoacha makovu kwenye figo. Kwetu sisi wa pwani na visiwani tukumbuke pia kichocho. Mtoto anayekojoa damu kwa muda mrefu bila kutibiwa anaweza kuzibwa njia ya mkojo, na figo zikaharibika.

2. Kasoro ya mshipa mkuu wa damu. Baadhi ya watoto huzaliwa na mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo ukiwa umebanwa mahali fulani. Presha ya mikono huwa juu na ya miguu huwa chini. Ndiyo maana wakati mwingine tabibu hupima mkono na mguu pia, mzazi asishangae.

3. Kuzaliwa njiti au na uzito mdogo. Mtoto wa namna hii figo zake huwa hazikukamilika vizuri, hivyo anahitaji kuangaliwa presha mapema na mara kwa mara.

4. Urithi. Ikiwa baba, mama, babu au bibi ana presha, mtoto naye yumo katika hatari zaidi.

5. Unene. Kwetu mtoto bonge husifiwa kuwa katunzwa. Lakini uzito uliozidi ni miongoni mwa sababu kubwa za presha kwa vijana, na mara nyingi huja pamoja na kisukari. Mtoto mnene anayekoroma sana usiku na kusinzia darasani apelekwe hospitali, kwani kukosa pumzi usingizini nako hupandisha presha.

6. Chumvi. Simama nje ya shule au madrasa wakati wa mapumziko. Utaona maembe mabichi yaliyopakwa chumvi na pilipili, chipsi zilizonyunyiziwa chumvi mara mbili, achari na bisi. Nyumbani mama naye anatia chumvi kwenye mchuzi, kisha anavunja vile vipande vya kuongeza ladha, ambavyo navyo vimejaa chumvi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai, na mtoto apungue hapo kulingana na umri wake.

7. Kukaa bila kucheza. Mtoto anatoka shule, anaingia chuoni, akirudi anashika simu mpaka analala. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji kucheza na kukimbia walau dakika 60 kila siku.

8. Dawa. Baadhi ya dawa, kama prednisoloni zikitumika kwa muda mrefu, hupandisha presha. Usimnunulie mtoto dawa hizo dukani kienyeji, na kama aliandikiwa na daktari, usizikatishe ghafla bila kumuuliza.

Dalili zake

Watoto wengi wenye presha hawana dalili yoyote. Mtoto anacheza mpira vizuri huku moyo na figo zinaumia kidogo kidogo. Akifika ujanani moyo unakuwa umetanuka, na kiharusi kinamkuta angali na nguvu za kufanya kazi. Kwa hiyo kungoja dalili ni kujidanganya.

Hata hivyo, mkimbize mtoto hospitali mara moja ukiona haya: kichwa kuuma sana pamoja na kutapika, kuona ukungu, degedege, kupumua kwa shida, kuvimba uso au miguu, mkojo kupungua sana au kuwa wa rangi ya chai au damu. Na ukifika hapo, mwombe tabibu kwa adabu ampime presha. Ni haki ya mtoto wako.

Namna ya kumpima

Watoto wasio na matatizo wanafaa kupimwa walau mara moja kwa mwaka kuanzia miaka mitatu. Wenye maradhi ya figo, moyo, kisukari, unene uliozidi au waliozaliwa njiti wapimwe kila waendapo kliniki.

Mtoto aketi kwa utulivu dakika tatu hadi tano, mgongo ukiegemea, miguu ikikanyaga chini, mkono wa kulia ukiwa usawa wa moyo. Asiwe ametoka kukimbia wala asiwe analia. Mkanda uwe wa kipimo chake, kwani mkanda mdogo kupita kiasi huonyesha presha kubwa isiyo ya kweli, na mkubwa kupita kiasi huificha. Mtoto asiye na dalili haambiwi ana presha kwa kipimo cha siku moja. Hupimwa kwa siku tatu tofauti. Lakini mwenye dalili nilizotaja hangojewi, hutibiwa siku ile ile.

Tufanye nini?

Kwanza ni usafi. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kukata kucha kuwa ni katika mambo ya maumbile safi, na kucha ndefu ndizo zinazochimba upele na kuingiza uchafu. Mtoto aoge kwa sabuni, asichangie taulo wala nguo. Akipata upele, watibiwe wote wa nyumba ile siku moja kwa dawa ya kupaka kama BBE, na nguo na mashuka yafuliwe na kuanikwa juani. Vidonda vyenye usaha na mafindofindo vitibiwe kituoni, na dozi imalizwe. Walimu wa madrasa nao wakague mikono ya watoto japo mara moja kwa wiki, kwani mkeka mmoja hukaliwa na wengi.

Pili ni chakula. Katika Suratul A'raf aya ya 31 Allah (S.W.) ametukataza israfu katika kula na kunywa, na Mtume (S.A.W.) akatuelekeza tusijaze tumbo kwa chakula kitupu, bali tuache nafasi ya maji na ya pumzi. Mtoto apate mboga, matunda, maharage na samaki. Soda ziwe za sikukuu. Kikopo cha chumvi kiondoke mezani. Na mama mwenye mtoto mchanga amnyonyeshe maziwa matupu miezi sita, kisha aendelee hadi itimie miaka miwili iliyotajwa katika Suratul Baqara aya ya 233.

Tatu, mtoto akikutwa na presha, asipewe vidonge vya bibi yake. Dozi ya mtoto hupimwa kwa uzito, na baadhi ya dawa zinaweza kumdhuru kutokana na sababu ya presha yake. Wapo watakaohitaji dawa, wapo watakaotosheka kwa kupunguza uzito na chumvi, na wapo ambao figo zikipona presha nayo inashuka.

Ndugu msomaji, watoto ni amana, na kila mmoja wetu ni mchunga atakayeulizwa kuhusu alichokichunga. Juma hili mtazame mwanao vidole na uso kabla hajatoka kwenda chuoni. Na siku utakayompeleka babu yake kupima presha, mchukue na mjukuu.

Wabillahi Tawfiq.