SHULE ISIYO NA KUTA



Hebu fikiri jambo hili. Mama mmoja anakwenda kumchukua mtoto wake shuleni. Mtoto ana umri wa miaka 4. Viatu vimejaa tope. Mikono ni michafu. Daftari hana. Mama anauliza, "Leo umefundishwa nini?" Mtoto anajibu, "Tumecheza tu, mama."

Je, ungekuwa wewe ungefanyaje? Wengi wetu tungekasirika. Tungesema mwalimu huyo ni mvivu, anakula mshahara wa bure. Lakini katika nchi kadhaa za Ulaya wazazi huwapeleka watoto wao shule za namna hiyo kwa kupenda wenyewe. Shule hizo huitwa shule za msituni. Leo tutajifunza habari zake, kisha tutazame lipi linatufaa sisi.

ZILIANZAJE?

Shule hizi zilianza nchini Denmark katika miaka ya 1950. Inasimuliwa kwamba mama mmoja alikuwa na desturi ya kwenda msituni na watoto wake pamoja na wa majirani. Majirani wakaona watoto wanarudi wachangamfu, wanalala vizuri na wana mengi ya kusimulia. Basi wakaungana, wakaanzisha shule.

Nchini Ujerumani shule ya kwanza ya namna hii ilifunguliwa mwaka 1968 katika mji wa Wiesbaden. Leo Ujerumani ina shule za msituni zaidi ya elfu moja. Mwaka 1993 walimu na wanafunzi wa chuo cha Bridgwater, Uingereza, walikwenda Denmark kujionea. Waliporudi kwao nao wakaanzisha yao.

WATOTO HUFANYA NINI HUKO?

Watoto wengi wa shule hizi wana umri wa miaka 3 hadi 6. Asubuhi hukutana pembeni mwa msitu. Husimama duara, husalimiana, kisha hujihesabu. Leo tuko wangapi? Nani hayupo? Hiyo tayari ni hesabu. Halafu kila mmoja hubeba mfuko wake wa chakula, wakaingia msituni.

Vitu vya kuchezea vya dukani ni vichache au havipo kabisa. Watoto huchezea vijiti, mawe, majani na tope. Mvua ikinyesha huvaa makoti na viatu vya mvua, wakaendelea. Upepo ukiwa mkali hawaingii msituni, maana matawi huweza kukatika na kuwaangukia.

Sasa tuchukue mfano. Watoto wawili wanataka kuvuka mfereji mdogo. Wanavuta gogo, kumbe ni zito. Wanamwita wa tatu. Wanalifikisha, lakini ni fupi, halifiki ng'ambo. Wanabishana. Mwishowe wanatafuta jingine refu zaidi. Mwalimu yuko karibu, anatazama, wala hawapi jibu.

Je, watoto hao wamejifunza nini? Wamejua uzito na urefu. Wamejifunza kusema na kusikilizana. Wamejifunza kwamba kazi ikishindikana mara ya kwanza, hujaribiwa tena. Na yote hayo hawakuambiwa. Wameyaona wenyewe, kwa hiyo hawatayasahau upesi.

Jambo jingine ni vidole. Wewe uliyejifunza kusoma ukubwani unakumbuka siku ya kwanza ya kushika kalamu. Mkono ulikuwa umezoea jembe, lakini kalamu ilitaka vidole vyepesi. Mtoto anayefunga kamba, anayefinyanga udongo na kupanga vijiwe, anavizoeza vidole vyake. Siku akipewa kalamu, haitamshinda.

JE, HAKUNA HATARI?

Hatari zipo. Ndiyo sababu mwalimu hutangulia kukagua mahali. Hutazama matawi makavu, mashimo na maji. Watoto nao hufundishwa sheria chache. Hakuna kula tunda wala uyoga kabla ya kumwonyesha mtu mzima. Hakuna kupita mpaka uliowekwa.

Huko Uingereza mwalimu huwachezesha mchezo. Huita kwa sauti, "Moja, mbili, tatu, uko wapi?" Watoto waliojificha huitikia. Kwa mchezo huo mtoto huzoea kuitikia kila anapoitwa, hata asipoonekana.

Moto hawakatazwi kuujua. Hukaa kwenye magogo yaliyopangwa kuuzunguka. Ni mwiko kukimbia karibu nao. Mtu mzima yupo hapo hapo, na maji ya kuzimia yapo tayari.

NA SISI JE?

Labda utasema, "Kwani hili ni jipya? Watoto wetu hucheza nje siku zote." Ni kweli. Sisi hatuna haja ya kununua msitu. Tofauti ni moja tu: mtu mzima. Kule yuko karibu. Kwetu mara nyingi mtoto mdogo huachiwa mtoto mwenzake wa miaka 7 au 8, nasi tuko shambani.

Hilo si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba watoto wa mwaka 1 hadi 4 ndio wanaokufa maji zaidi kuliko watu wa umri mwingine. Kisima kisicho na mfuniko hakingoji.

Basi kuna makosa mawili. Kosa la kwanza ni kumkataza mtoto kila kitu: usipande, usiguse, usichafuke. Kosa la pili ni kumwacha peke yake. Tufanye hivi:

1. Wazazi wa jirani wapeane zamu. Kila siku mtu mzima mmoja abaki na watoto.

2. Tuchague mahali penye kivuli, mbali na maji na barabara. Tufyeke nyasi ndefu, tuondoe chupa zilizovunjika.

3. Visima na mashimo yafunikwe.

4. Mtoto akicheza tumuulize: Vijiwe vingapi? Kipi kirefu? Kwa nini kimeanguka?

5. Kabla ya kula, wote wanawe mikono kwa sabuni.

6. Tusimchape mtoto kwa sababu ya tope. Tope huoshwa kwa maji.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kituo cha watoto kijijini kisingoje bati na saruji. Mwembe mmoja na mtu mzima mwenye macho vinatosha kuanzia.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Wewe ulipokuwa mdogo ulicheza michezo gani? Ilikufundisha nini?

2. Katika kijiji chenu, ni mahali gani pa hatari kwa watoto? Nani ataparekebisha, na lini?

3. Zamu ya kulea watoto ianze na nani? Je, akina baba nao watashika zamu?