Kupoza Injini Iliyoongezwa Nguvu: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa

Magari mengi ya Afrika Mashariki yaliagizwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na baadhi ya wenye magari huyapeleka gereji yafungwe turbo, yabadilishiwe programu ya kompyuta ya injini au yawekewe ekzosi pana. Fedha nyingi hutumika katika kuongeza nguvu. Katika kupoza injini hutumika kidogo sana, na hapo ndipo hasara huanzia.

Nishati iliyomo katika petroli haigeuki yote kuwa mwendo. Kwa makadirio ya kawaida, theluthi moja hivi hufanya kazi ya kusukuma gari, theluthi nyingine hutoka na moshi, na sehemu kubwa ya inayosalia huchukuliwa na maji ya rejeta. Anayeongeza nguvu huongeza pia joto kila anapoitumia nguvu hiyo, ilhali rejeta ni ile ile iliyosanifiwa kwa injini ya awali.

Joto likizidi, nguvu iliyonunuliwa hupotea. Hewa ya moto huingiza oksijeni kidogo ndani ya silinda, na mchanganyiko wake na petroli huweza kuwaka kabla ya wakati, injini ikagonga. Kompyuta ya gari la kisasa huchelewesha cheche ili kuinusuru injini. Dereva naye huhisi gari limekuwa zito mlimani, pale pale alipoitarajia nguvu aliyoilipia.

Jambo tunalotaka kulikazia zaidi ni thamostati. Hii ni vali ndogo inayozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate joto linalofaa, aghalabu kati ya nyuzi 80 na 90 za Selsiasi. Wapo mafundi wanaoing'oa, wakieleza kwamba kifaa hicho kilikusudiwa nchi za baridi. Hoja hiyo haina msingi. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi mno hupewa petroli kuliko inavyohitaji, oili yake hubaki nzito, na petroli isiyoungua huteremka na kuichafua oili hiyo. Isitoshe, katika injini kadhaa vali hiyo hiyo ndiyo inayofunga njia ya mkato mara maji yapatapo moto; ikiondolewa, sehemu ya maji huendelea kuzunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari likachemsha kwa sababu ya tiba yenyewe.

Fundi anayependekeza kuing'oa aulizwe kwanza kwa nini gari linachemsha. Je, rejeta imeziba? Feni haizunguki? Wota pampu imechoka? Au taa za ziada na ngao ya chuma zimezuia upepo? Mfuniko wa rejeta nao usisahaulike, kwani bei yake ni ndogo kuliko kazi yake. Jijini Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka yakikaribia nyuzi 95. Shinikizo linaloshikwa na mfuniko ndilo linaloyawezesha kuvuka nyuzi 100 bila kuchemka. Kulanti huongeza kiwango hicho na kuzuia kutu, jambo ambalo maji ya bomba hayawezi.

Kabla ya kukubali kazi, tunakushauri udai makadirio ya maandishi yanayotaja rejeta, feni na, kwa gari la turbo, intakula, yaani kipoza hewa iingiayo. Fundi asiyezitaja kabisa amekuuzia nusu ya kazi. Omba urudishiwe vipuri vilivyotolewa, thamostati ikiwemo, na risiti inayoonyesha kila kilichofungwa. Iarifu pia kampuni yako ya bima kwa maandishi, kwa kuwa mabadiliko yaliyofichwa yanaweza kukukosesha fidia.

Iwapo mshale wa joto utapanda njiani, zima kiyoyozi na utafute mahali salama pa kusimama, kisha uzime injini. Usifungue mfuniko wa rejeta wakati ungali moto: maji na mvuke hufyatuka na kuunguza uso na mikono. Wala usiimwagie injini maji baridi, kwa maana silinda hedi huweza kupasuka. Subiri ipoe, hata ikichukua saa nzima, ndipo uongeze maji kidogo kidogo.