Kabla ya Kununua "Ishirini kwa Ishirini" Ruhuwiko

Dalali akikutembeza pembezoni mwa Ruhuwiko, Songea, mara nyingi hakuuzii hati. Anakuuzia "ishirini kwa ishirini", yaani kipande cha shamba la mahindi kilichopimwa kwa futi kamba. "Barabara ipo," anasema, akikuonyesha njia ya baiskeli.

Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 inataka mtu apate idhini ya mamlaka ya mipango kabla ya kuendeleza ardhi ya mji. Lakini tumezoea kujenga kwanza, ramani ije baadaye, na urasimishaji wa makazi yaliyojengwa bila mpango ukatuzoesha zaidi. Sisemi ni mbaya: aliyekwisha kujenga hupata njia ya kuifikia hati. Ila urasimishaji hauwezi kurudisha uwanja wa shule uliokwisha kujengwa vyumba vya kupangisha, na barabara hupatikana kwa wenyeji kumega viwanja vyao, kwa kawaida bila fidia. Masharti yakilegezwa, gharama inamhamia mnunuzi wa mwisho, yule ambaye gari la majitaka halifiki kwake. Hata Uingereza, iliporuhusu mwaka 2013 ofisi zigeuzwe makazi bila kibali kamili cha mipango, utafiti ulioagizwa na serikali yenyewe na kutolewa 2020 ulikuta kwamba katika nyumba zilizochunguzwa, takriban 22 tu kati ya 100 zilifikia kiwango cha taifa cha ukubwa wa nyumba.

Basi fedha zisikutoke kabla hujafika idara ya ardhi ya Manispaa ya Songea. Omba kuona mchoro wa mipango miji: hapo pamepangiwa makazi, biashara, eneo la wazi au hifadhi ya barabara? Kama kiwanja kina namba, ilinganishe na ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, kisha nenda na mpimaji mkaone bikoni. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa unashuhudia mauziano tu. Haugeuzi shamba kuwa kiwanja.

Ruhuwiko kuna swali la ziada: uwanja wa ndege. Ukiwa jirani nao, ulizia mipaka yake na urefu unaoruhusiwa kujengwa kabla hujachora ghorofa.

Na jirani akitaka kugeuza nyumba kuwa gereji au mashine ya kusaga, anapaswa kuomba kubadili matumizi ya ardhi. Ukiwa na pingamizi, liandike mapema, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.