Aibu na Haya: Maneno Mawili Tunayoyachanganya



Mwaka ambao alizeti ilikauka shambani huku kwetu Mgori, mama mmoja wa jumuiya yetu ndogo ndogo aliacha kuja kusali. Tulipomtembelea alisema, "Naona aibu, wanangu. Mavuno sina, mchango sijatoa, nitakaaje na wenzangu?" Mwenyekiti alimfariji vizuri tu, lakini mimi nilirudi nyumbani na lile neno.

Kiswahili kina maneno mengi ya jamii hii: aibu, haya, soni, fedheha. Katika mazungumzo tunayabadilishana bila shida. Hata hivyo, jaribu kuyaweka kwenye sentensi. Tunasema "jambo la aibu". Hakuna asemaye "jambo la haya". Aibu inaweza kukaa nje ya mtu, kwenye tendo au tukio, maana neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni dosari. Haya hukaa ndani ya mtu tu, na kuwa nayo ni sifa. Najua siku hizi tunasema "mtoto huyu ana aibu" tukimaanisha haya, na hapo ndipo tunapochanganya.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika Summa Theologiae (II-II, swali la 144), anaieleza haya kuwa ni woga wa jambo la aibu. Anaongeza kwamba tunaona haya zaidi mbele ya watu wa karibu, wale tutakaoendelea kuishi nao. Nilipoisoma sehemu hiyo nilimkumbuka yule mama. Macho ya watu wa Singida mjini yasingemsumbua. Yalimsumbua ya majirani anaochota nao maji. Haya yake ilikuwa ya kweli. Aibu ndiyo haikuwapo, kwa sababu ukame si tendo lake. Kinyume chake tunamjua wote: anayekula fedha za jumuiya na bado anakaa mbele akiongoza rozari. Hapo aibu ipo, haya ndiyo imekosekana.

Sasa, nani alimfundisha mama yule kuita umaskini wake aibu? Nadhani ni sisi, tunaposimama mwisho wa sala na kusoma kwenye daftari majina ya waliotoa, kisha ya wasiotoa. Nimemwomba mwenyekiti orodha ya pili isisomwe. Anasema bila kusomwa watu hawatatoa. Bado tunajadiliana.